Ujumbe Ulifika, Maji Yamekwisha

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare yake ya bluu na nyeupe, Léa alimsaidia mama yake kukaanga bitumbula. Mama Angélique alichota kwa vidole unga ulioumuka, akaudondosha katika mafuta ya moto, na Léa akageuza kila kimoja kwa kijiti kirefu hadi kikawa cha kahawia pande zote. Hawakuzungumza sana. Léa alikuwa na miaka kumi na mitatu, mwenye haya nyingi, na mama yake alishazoea kumuuliza maswali ambayo jibu lake ni kutikisa kichwa tu.

Nyumba yao ilikuwa Katuba, katika jiji la Lubumbashi, kwenye barabara ambayo watu waliiita Juu. Hatua chache kutoka mlangoni palikuwa na bomba la maji. Wakazi walikuwa wamechimba kisima kirefu kwa mashine na kukiwekea pampu ya umeme. Lakini umeme wenyewe, courant kama walivyouita, ulikuwa wa zamu. Siku moja uliwaka alfajiri, siku nyingine baadaye kidogo, na haukukaa sana. Ukikatika, pampu ilinyamaza, na aliyekuwa hajachota alirudi nyumbani na bidon yake, dumu la maji, tupu.

Msimamizi wa pampu alikuwa Papa Donat, mzee aliyestaafu kazi ya reli. Alikuwa amening'iniza kipande cha reli kwenye nguzo, na umeme ulipokaribia kuja alikipiga kwa nyundo. Mlio wake uliingia mpaka kwenye meno. Watu wa Juu waliusikia vizuri. Watu wa barabara ya Chini, ng'ambo ya njia kuu ya malori ya madini, hawakuusikia tena, kwa sababu malori yalikuwa yameongezeka na hayakupumzika. Kamati ya maji iliona huruma, ikaamua kwamba watu wa Chini wapewe zamu ya kwanza. Lakini zamu ya kwanza haimsaidii mtu asiyejua kwamba imeanza.

Hapo ndipo Léa alipoingia.

Kila Jumamosi alikwenda kwenye chumba cha parokia kujifunza kompyuta. Aliyewafundisha alikuwa Ngalula, mwanamke kijana mwenye kazi yake, ambaye watoto walimwita Yaya Ngalula, yaani dada. Siku nyingine zote Yaya Ngalula alifanya kazi mtaa wa Karavia, katika karakana ndogo inayotengeneza programu za maduka na zahanati. Léa aliipenda kompyuta kwa sababu moja ambayo hakumwambia mtu: haikumlazimisha kusema. Unaiandikia, inakujibu, na hakuna anayekutazama usoni.

Mwaka ule Yaya Ngalula aliwaambia wanafunzi wake, "Wakati wa mapumziko ya shule nitachukua mmoja wenu, aje kujifunza kazi pale Karavia. Sitachukua mwenye programu inayong'aa. Kila mmoja amtafute jirani mwenye shida, amtengenezee kitu kinachotumika kweli."

Léa alilala na kuamka na neno hilo. Mama yake alikuwa amekwisha kumwambia wazi, "Ukipata ile nafasi, nitakuacha uende. Ukikosa, mapumziko yote tutauza bitumbula pamoja, na habari ya mashine itaisha. Sitaki mutoto anayezunguka na ndoto."

Basi Léa akamtengenezea Papa Donat kengele ya simu. Kompyuta kuukuu ya parokia iliunganishwa na simu. Jioni Papa Donat alipata habari ya zamu ya umeme ya kesho, akamwambia Léa, na Léa akaiandika saa hiyo kwenye programu. Nusu saa kabla ya zamu ya Chini, programu ilitakiwa kutuma ujumbe kwa simu zote za Chini: "Nusu saa inabaki. Kuyeni na bidon." Léa aliijaribu mara nyingi. Alibonyeza kitufe cha kutuma, na simu ya Yaya Ngalula ikalia papo hapo. Siku hiyo alitembea kurudi nyumbani akitabasamu peke yake.

Jumatatu ilikuwa siku ya kwanza ya kazi. Léa alikwenda shule akiwa na moyo mwepesi. Aliporudi mchana, alikuta watu wamesimama bombani ingawa hapakuwa na maji, na sauti ya Mama Chola wa Chini ilikuwa juu ya sauti zote.

"Mutoto wa Angélique, kuya hapa!" Mama Chola alimwita. Mgongoni alikuwa na mtoto mdogo, na mkononi bidon tupu. "Ile simu yako inatudanganya. Imelia, nikabeba bidon, nikakimbia. Nafika hapa, nakuta bantu ba Juu banajaza hata masufuria ya bukari! Sijaweka bidon yangu chini, courant ikaenda."

"Lakini mama, wewe ulichelewa," mtu mmoja wa Juu alisema.

"Nilichelewa wapi? Simu ilisema nusu saa inabaki. Nimekuja mbele ya nusu saa kwisha!"

"Madame Ordinateur!" kijana mmoja alipaza sauti kutoka nyuma, yaani Bibi Kompyuta. "Rudini kwenye reli ya Papa Donat. Reli haina haja ya batri!"

Watu wakacheka. Léa alihisi masikio yake yakiwaka moto. Kando yake alisimama Fils, mwanafunzi mwenzake wa parokia, ambaye alikuwa ametengeneza mchezo wa mpira kwenye simu na alipendwa na kila mtu. Fils akamwinamia.

"Sema ni réseau," alinong'ona. "Hapa ukisema réseau, nani atabisha? Hata padri akichelewa misa anasema réseau."

"Lakini sijui kama ni réseau."

"Na hao bantu banajua?"

Mama Chola alikuwa bado anamtazama. Léa akamgeukia. "Iko... iko réseau, mama. Mtandao wa simu ulichelewesha ujumbe."

Mama Chola alishusha pumzi ndefu. "Réseau! Hii réseau ya kwetu itatuua." Na hasira yake yote ikahama kutoka kwa Léa ikaenda kwa kampuni za simu. Watu wakaanza kusimulia namna simu zao zinavyowasumbua, na baada ya muda kila mmoja akaenda zake. Fils akamkonyeza Léa. Ilikuwa rahisi mno.

Siku ya pili, umeme ulikuja baadaye kuliko Jumatatu, na mambo yakawa yale yale. Watu wa Chini walifika bidon mkononi na kukuta zamu yao imekwisha. Papa Donat alikuwa amewangoja, akaona pampu inazunguka bure na umeme unaweza kukatika wakati wowote, akawaruhusu watu wa Juu wachote. Angefanya nini?

Léa aliporudi shuleni, mzee huyo alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha plastiki, akikuna kidevu.

"Binti yangu, usijisumbue," alimwambia kwa upole. "Nimefikiri. Kama pale Chini hakuna réseau nzuri, si kosa lako. Jumamosi kamati itakutana. Nitabaambia bantu ba Chini, zamu yao iwe nyuma ya zamu ya Juu."

"Nyuma, papa? Na courant ikienda?"

"Courant ikienda, imeenda. Watachota siku nyingine. Tufanye nini na bantu ambao réseau haibafikie?"

Nyumbani, Léa alikuta bidon zote zimejaa zimepangwa ukutani, na hata ndoo ya kuoga. Mama yake alikuwa akiimba. "Siku hizi tunachota mapema kabisa," alisema. "Leta sahani, ule."

Léa aliketi mbele ya ugali wa bukari na mboga ya sombe, akakata tonge, akalirudisha sahanini. Maji yaliyojaa ukutani yalikuwa ya watu wa Chini. Yalifika pale kwa neno moja alilolisema bila kujua kama ni kweli. Na Jumamosi, neno lile lile lingewanyima zamu yao kabisa.

Akasimama, akanawa mikono.

"Unaenda wapi? Hujakula," mama yake aliuliza.

"Chini," Léa alijibu, akatoka kabla haya hazijamrudisha.

Alivuka njia ya malori, vumbi jekundu likamwingia machoni. Kwenye nyumba ya kwanza alisimama mlangoni mpaka mbwa akachoka kumbwekea. Kumgongea mtu mlango na kusema shida yake lilikuwa jambo gumu kwake kuliko mtihani wowote. Mwishowe mlango ulifunguliwa, na aliyetoka alikuwa Mama Chola mwenyewe.

"Eeh! Madame Ordinateur amekuja kwa miguu," alisema. "Nini tena?"

"Mama, ninaomba kuona ule ujumbe kwenye simu yako. Wa jana na wa leo. Ninataka kujua ulifika saa ngapi."

Mama Chola alimwangalia kutoka kichwani hadi miguuni, kisha akaingia ndani akaleta simu. Ilikuwa ndogo, yenye vitufe vilivyofutika namba. Léa akatafuta. Ujumbe wa Jumatatu ulitakiwa kufika saa kumi na moja na nusu alfajiri. Simu ilionyesha saa kumi na mbili na nusu.

"Aksanti, mama. Sasa naenda kwa jirani."

"Kwa Mzee Mwaba? Huyo hasikii vizuri, utapiga kelele mpaka kesho. Ngoja, nakupeleka." Mama Chola akamweka mtoto vizuri mgongoni, akatangulia. "Mzee! Toa simu! Hapana, si kiatu, simu!"

Simu ya Mzee Mwaba ilikuwa ya kampuni nyingine kabisa. Ujumbe ulikuwa umefika saa kumi na mbili na nusu. Kwa fundi wa nguo, vilevile. Kwa mwanamke anayeuza makaa, vilevile. Kwa mwalimu mmoja aliyekuwa na simu mpya ya kioo, vilevile. Léa aliangalia ule wa Jumanne pia. Nao ulikuwa umechelewa saa nzima, na mahali pote ulifika kwa dakika moja.

Alisimama katikati ya barabara, bidon za watu zikiwa zimelala tupu mbele ya milango. Alijua mtandao mbaya unavyokuwa. Mtandao mbaya humfikia huyu leo, yule kesho, na mwingine haumfikii kabisa. Hauwezi kuwachelewesha watu wote, wa kampuni zote, dakika ile ile. Kitu kinachochelewa kwa usawa namna hiyo kimeamriwa kuchelewa. Na aliyekiamuru alikuwa yeye.

"Umeona nini?" Mama Chola aliuliza.

Léa alitaka kusema. Lakini hakujua kosa lenyewe liko wapi. "Bado ninatafuta, mama," alisema, na hilo angalau lilikuwa kweli.

Alikwenda moja kwa moja parokiani, akaomba ufunguo wa chumba, akawasha kompyuta. Alisoma programu yake mstari kwa mstari. Saa aliyoandika ilikuwa sahihi. Hesabu ya kutoa nusu saa ilikuwa sahihi. Saa ndogo iliyokuwa pembeni mwa kioo cha kompyuta ilikuwa sahihi. Alisoma tena kutoka mwanzo. Saa nzima ilipotelea wapi? Jioni ilipoingia, aliandika zamu ya kesho kama kawaida, kwa sababu Papa Donat alimtegemea, akarudi nyumbani bila jibu.

Baba yake, Adalbert, alikuwa amerudi kazini na alikuwa uani akisikiliza habari kwenye redio. Redio ile ilitangaza kutoka Kinshasa, mji mkuu, upande wa pili wa nchi. Léa alikuwa ameisikia tangu alipozaliwa. Alipita na sahani mkononi huku mtangazaji akisema, kama anavyosema kila siku, kwamba ni saa kumi na mbili jioni Kinshasa, na saa moja jioni Lubumbashi.

Léa akasimama.

"Papa, kwa nini anataja saa mbili tofauti?"

"Léa, hata wewe? Nchi yetu ni kubwa. Jua linafika kwetu kwanza. Sisi tuko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Kila mtu anajua."

Kila mtu alijua, na Léa alijua pia. Lakini katika programu yake kulikuwa na mstari mmoja ambao aliunakili kutoka kwenye mfano wa darasani, mfano ulioandikwa na mtu wa Kinshasa. Mstari ule uliiambia programu ifuate saa ya mji gani. Léa alikuwa amesoma "Kinshasa", akajisemea moyoni, sawa, huo ndio mji mkuu wetu, akaendelea. Alipokuwa akijaribu, alibonyeza kitufe kwa mkono, kwa hiyo programu haikuwa na haja ya kutazama saa. Siku programu ilipoachiwa kutazama saa yenyewe, ilitazama ya Kinshasa.

Usiku ule chumba cha parokia kilikuwa kimefungwa, na kesho yake watu wa Chini walichelewa kwa mara nyingine. Kengele ya shule ilipolia tu, Léa alikimbia parokiani, akafuta Kinshasa, akaandika Lubumbashi. Ilikuwa kazi ya muda wa kupepesa macho. Alitazama mstari ule, akashangaa kwamba kitu kidogo hivyo kiliweza kukausha ndoo za barabara nzima.

Kisha akampigia simu Yaya Ngalula kwa simu ya mlinzi wa parokia, akamweleza yote kwa haraka, hata neno la réseau.

"Umeijaribu?" Yaya Ngalula aliuliza.

"Nimebonyeza kitufe, imetuma."

"Léa. Kitufe ndicho kilichokudanganya mara ya kwanza."

Ni kweli. Basi alfajiri iliyofuata, Léa aliomba ruhusa kwa mama yake, akavuka njia ya malori wakati mbingu inaanza kupauka, akaketi kwenye jiwe mbele ya mlango wa Mama Chola. Alingoja. Jogoo waliwika, mtu akafagia uwanja wake, na Léa akaanza kuomba kimoyomoyo. Kisha ndani ya nyumba simu ikalia. Nyumba ya pili, simu ikalia. Kwa Mzee Mwaba ililia, ikaendelea kulia, mpaka mkewe akamwamsha. Mlango mmoja ukafunguka, halafu mwingine, na watu wakatoka na bidon wakipiga miayo.

Siku ile watu wa Chini walichota mpaka wakatosheka. Na Ijumaa, vilevile.

Ijumaa hiyo Fils alimkuta njiani kutoka shule. "Umeona? Inafanya kazi! Kesho kwenye mkutano Yaya Ngalula atakuwepo. Nafasi ya Karavia ni yako. Mchezo wangu umekwama, mipira inapita ndani ya kipa kama moshi."

"Kesho nitasema haikuwa réseau."

Fils akasimama. "Una homa? Shida imekwisha! Waambie réseau imepona. Nani atauliza?"

"Papa Donat bado anaamini kwamba Chini hakuna réseau. Siku nyingine ikitokea shida yoyote, atasema ni bantu ba Chini, réseau haibafikie. Nimewawekea jina baya."

"Na mama yako akikufunga kwenye bitumbula mapumziko yote?"

Léa akashika njia ya nyumbani. Alilifikiria jambo hilo usiku na asubuhi. Lakini alikwenda.

Mkutano ulikuwa katika ukumbi wa parokia, kwenye benchi za mbao. Papa Donat alifungua kwa sala, kisha akasema, "Ndugu zangu, juzi na jana maji yalikwenda vizuri. Tushukuru Mungu, réseau ya Chini imekubali. Lakini réseau ni kama mvua, haina ahadi. Kwa hiyo bado naona zamu ya Chini iwe ya nyuma, ili tusipoteze courant..."

Watu wa Chini wakaanza kunung'unika. Léa akainua mkono.

"Papa Donat, naomba neno."

Ukumbi ukageuka kumtazama. Mama yake, aliyekuwa benchi la nyuma, akaacha kujipepea.

"Haikuwa réseau," Léa alisema. Sauti ilitoka ndogo.

"Sema kwa nguvu, mama!" mtu alipaza sauti.

"Haikuwa réseau! Ilikuwa mimi. Niliandika programu ifuate saa ya Kinshasa. Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo ujumbe ulichelewa kwa saa moja. Siku ile nilisema ni réseau kwa sababu niliona aibu. Sikuwa najua. Réseau ya Chini ni sawa na ya Juu, nimeziangalia simu zao. Naomba musamaha kwa bantu ba Chini. Naomba zamu yao ibaki ya kwanza."

Akaketi kwa nguvu, benchi likalia.

Papa Donat akajipiga paja. "Saa ya Kinshasa! Miaka yote niko mu reli, nasikia saa mbili zile kila siku ku redio, na sikufikiri!" Akaanza kucheka, na ukumbi mzima ukamfuata, maana kila mtu mle ndani alilijua jambo lile na hakuna aliyelikumbuka.

Mama Chola hakucheka. Alisimama akamnyooshea Léa kidole. "Miye ulinidanganya. Mutoto wangu hakuoga siku ile, na nilitukana kampuni ya simu bure." Akashusha kidole. "Lakini ulikuja mu nyumba yangu, ukaketi ku jiwe langu asubuhi na baridi. Kampuni ya simu haijakuja hata siku moja. Nimekusamehe. Papa Donat, uandike: Chini ni ya kwanza."

Kamati ikakubali.

Watu walipotoka, Yaya Ngalula alimwita Léa pembeni. Mama Angélique akasogea pia, na Fils akajifanya anafunga kamba za viatu ili asikie.

"Nilikuwa nangoja kuona kama utalisema hapa mbele yao," Yaya Ngalula alisema. "Uliniambia mimi kwenye simu, lakini si mimi niliyekosa maji. Sasa nisikilize, na wewe Fils, acha kamba hizo, sogea usikilize. Watu wanadhani kazi yetu ni kuandika programu. Kuandika, wengi wanajua. Hata mimi nimewahi kuandika makosa makubwa kuliko la Léa, na nitaandika mengine. Anayedumu katika kazi hii, anayeitwa tena na watu, ni yule ambaye kitu chake kikiharibika haanzi kutafuta wa kumsingizia. Anakwenda kwa yule anayekitumia, anauliza, anatazama kwa macho yake, na akiona kosa ni lake analisema. Ukisema ni réseau, umefunga mlango. Hutatafuta tena, na kosa litakaa mle ndani likila watu. Ukisema 'sijui, ngoja niangalie', hapo umeanza kazi."

Akamgeukia Mama Angélique. "Mama, naomba unipe huyu mtoto kwa mapumziko."

Mama Angélique alimtazama binti yake kana kwamba amemwona mtu mpya. "Sikujua anaweza kusema mbele ya bantu," alisema polepole. "Mumuchukue. Bitumbula nitageuza mwenyewe."

"Na mimi, Yaya?" Fils aliuliza.

"Wewe rudi kwa wale wanaocheza mchezo wako. Waulize kinachowaudhi. Mwaka ujao tutaonana."

Siku ya kwanza Karavia, Léa alifika mapema, amesuka nywele upya. Katika chumba cha karakana palikuwa na meza ndefu na kompyuta nzuri, nyeusi, zinazong'aa. Aliangalia ile iliyo tupu, akadhani ni yake. Lakini Yaya Ngalula hakumpeleka huko. Alimketisha kwenye kiti karibu na dirisha, akamwekea simu mbele.

"Hii ndiyo simu ambayo watu wa maduka na zahanati wanapiga programu zetu zinapowasumbua. Wiki hii hutaandika kitu. Utawasikiliza."

"Niongee na watu nisiowajua?"

"Uliongea na ukumbi mzima."

Hawakungoja sana. Simu ililia, na mkono wa Léa ulibaki hewani kidogo. Kisha akaishika, akaiweka sikioni. Mwanamke wa upande wa pili alianza kwa kelele: mashine yake ya dukani haifanyi kazi, wateja wamesimama, na asubuhi mtu mmoja alishamwambia kwamba ni réseau!

Léa alivuta kiti karibu na meza.

"Pole, mama," alisema. "Mimi naitwa Léa. Sijui bado ni nini, lakini tutaangalia pamoja. Niambie polepole, unaona nini hapo mbele yako?"